Dau la Shikamoo

11 Januari

Mwanangu mpendwa,

Natumaini mlifika salama baada ya ile harusi ya ndugu yetu, na kwamba mkeo amepona michubuko ya vile viatu. Huku hatujambo. Kazini nimekuta shuka za hospitali zimerundikana mpaka usawa wa dirisha, maana mashine moja ya kufulia iligoma nilipokuwa likizo na wenzangu wakaamua kunisubiri kama mvua. Mwambie Mama, yaani bibi yako, kwamba dawa yake ya miguu nimeipata, nitaituma wiki ijayo. Nashukuru mwaka huu kaanza kukaa kwako. Mlishe wewe kwanza, nami nijipange.

Sasa tuje kwenye lile jambo. Usijifanye umesahau. Ulisema mbele ya meza nzima, mdomo umejaa keki, kwamba umechoka kumwamkia mtu aliyezaliwa wewe ukiwa tayari unatambaa. Nikakujibu kwamba kosa si langu kama dada yangu mkubwa alikuzaa kabla mama yetu hajamaliza kuzaa. Mimi ni mama yako mdogo, na shikamoo ni haki yangu, uwe na ndevu au usiwe nazo. Ukasema basi safari hii niitolee jasho. Ndipo nikatoa mkobani lile tangazo nililolikata gazetini, na wewe ukacheka mpaka ukapaliwa.

Nakuandikia masharti yasije yakabadilika njiani. Mashindano ni Julai, kwenye ziwa la ule mji ulio katikati ya kwako na kwangu. Ni trayathloni fupi, ya watu wanaoanza: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka unakimbia, na hakuna kuketi. Nikitangulia mimi, utaniamkia pale gereji mbele ya mafundi wako wote, kwa sauti, umefunga mikono mbele kama mtoto wa shule, kila nitakapokuja, maisha yako yote. Ukitangulia wewe, nitakuamkia mwaka mzima.

Na mambo haya tuyaseme kwa barua tu. Kwenye simu mimi ni mwepesi wa kucheka, na wewe kugonga mabati kumekuharibu masikio, kila kitu unajibu "eeh".

Nakusalimu kwa upole ambao hautadumu,
Mama Mdogo


2 Februari

Kwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Ichukue uiweke pazuri, zimebaki chache.

Sisi wazima. Dawa imefika, Bibi ameinusa na kusema ni ile ile ya zamani, wamebadilisha chupa. Mke wangu anakusalimu. Binti yetu ameng'oka jino la mbele, na sasa kila neno lenye "s" linatoka na mluzi, kwa hiyo akisema "shikamoo" mbwa wa jirani anakuja.

Masharti nimeyabandika ukutani gereji, karibu na kalenda. Mafundi wamegawanyika. Mpiga rangi wangu amejitangaza kuwa upande wako, nami nimempa gari lenye kutu kuliko yote.

Nakwambia habari ya baiskeli ili uanze kuogopa mapema. Nimefukua fremu iliyokuwa imelala nyuma ya gereji chini ya milango miwili ya lori. Nimeinyoosha, nimeipiga msasa, nimeipaka rangi za mabaki: mbele bluu ya basi, nyuma nyeupe ya gari la wagonjwa. Imependeza mpaka nikasahau kwamba kazi yake ni kupandwa. Nilipoikalia, tandiko lilitoa mlio nisioupenda. Nikazunguka mtaa, na Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake getini. Nilipompita akaniuliza, "Unaenda au unarudi?" Nikasema, "Kwa nini?" Akasema, "Kwa mwendo huu sijui."

Kuogelea usiniulize kabisa. Unakumbuka nilivyokuwa navuka mto na kurudi, wewe umekaa juu ya jiwe unalinda nguo zetu.

Kukimbia kunaendelea.

Ni mimi, bingwa wako mtarajiwa


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na hiyo pia nimeiweka pazuri, pamoja na zile nyingine ulizokuwa ukizitema kama mbegu za chungwa.

Habari za huku ni nzuri. Mashine iliyogoma imetengenezwa na sasa inatetemeka hadi inatembea. Asubuhi tunaikuta imesogea karibu na mlango kana kwamba inataka kwenda nyumbani. Mfundishe binti yako maneno yasiyo na "s" mpaka jino liote.

Mimi baiskeli sikuhitaji kuifufua. Ndiyo inayonipeleka kazini kila siku, na ile njia ya kupanda hospitali unaijua. Zamani nilikuwa nashuka katikati na kusukuma. Siku hizi sishuki, na mlinzi wa getini ameanza kunifungulia mapema asije akawa chanzo cha ajali.

Jioni nakimbia kuzunguka ukuta wa hospitali na mwenzangu wa meza ya kukunja shuka, yule mwenye kicheko cha kukohoa. Anakimbia anacheka, anacheka anakohoa, anakohoa anasimama, na mimi naendelea. Wagonjwa wa wodi ya mifupa wametuzoea. Tukichelewa wanauliza. Kuna mzee mmoja ananipungia gongo lake dirishani na kupiga kelele, "Kaza, mama, hata kwa niaba yangu!" Ukisikia hivyo miguu inajikimbilia.

Kuogelea kunaendelea.

Akupendaye bila kukuogopa,
Mama Mdogo


14 Machi

Mama Mdogo, shikamoo,

Naandika kwa haraka, kuna gari la harusi ya kesho limegongwa mlango. Bibi anakuja kwako wiki ijayo. Amefunga begi tangu jana na amelikalia. Mpokee vizuri, na usimpe kiti cha karibu na barabara, atakwambia kila anayepita anaumwa nini.

Baiskeli sasa inakwenda na Bibi hajauliza tena. Kukimbia kunaendelea.

Nimegundua kwamba kwenye barua yako umeandika kuhusu kuogelea maneno mawili. Nimeyahesabu tena, ni mawili.

Mwanao, kwa sasa


6 Aprili

Mwanangu,

Mama kafika salama. Alipofungua begi, alitoa kwanza habari, ndipo akatoa nguo. Chumba chake kimekuwa kizuri. Mwenzangu wa kukunja shuka alikuja kunisaidia kutundika mapazia, na Mama akamwambia kikohozi kile si kicheko, akapimwe.

Nami nikuulize. Mama anasema kila Jumatatu unapita kwa daktari kupimwa presha kabla ya kufungua gereji, na kwamba ulianza hata kabla ya harusi. Anasema daktari alikukataza chumvi, na mkeo amekuwa akikupikia chungu chako mwenyewe pembeni. Kwenye harusi nilikuona ukisukuma sahani, nikadhani unaringa.

Kwa nini hukuniambia? Mimi ni nani kwako, mpita njia?

Kuogelea kunaendelea vizuri tu.

Anayesubiri jibu lililonyooka,
Mama Mdogo


28 Aprili

Mama Mdogo, shikamoo,

Jino la binti limeanza kuchomoza, mtaa umepumzika. Mke wangu hajambo, amepata zamu nzuri pale posta. Mvua imetuachia dimbwi mbele ya gereji na wateja wanaruka kama vyura. Bibi naye naona anazeeka, siku hizi anachanganya habari. Msalimie.

Nimekutumia kifurushi kidogo. Humo mna miwani ya kuogelea. Nilinunua mbili kwa makosa, na moja inanibana uso, si unajua nilivyo na kichwa kikubwa.

Sasa acha nijisifu, uone unashindana na nani. Mimi majini ni kama niko kitandani. Wengi wakiingia wanabana pumzi kama wamefungiwa na nyoka chumbani, ndiyo maana wanachoka. Mimi sibani. Uso ukiwa ndani ya maji naitoa pumzi polepole, kama mtu anayepoza chai, mpaka iishe yote. Halafu nageuza kichwa pembeni, sikiinui, nakigeuza tu, navuta nyingine. Ukikiinua kichwa, miguu inazama, na miguu ikizama mtu anaanza kupigana. Mimi sipigani na maji.

Na nikichoka? Sihangaiki. Najilaza chali, masikio yote mawili ndani ya maji, tumbo juu, mikono nimeiachia, natazama mawingu kama mtu aliyeagiza chakula na hana haraka. Maji yananibeba yenyewe. Mwili ukilegea huwezi kuzama hata ukitaka. Nikishapumzika naendelea. Mtu wa namna hiyo utamshinda wapi?

Wako katika majisifu


30 Mei

Mama Mdogo, shikamoo,

Mwezi umepita sijaona barua yako. Nimeuliza posta, mke wangu amenitazamia mwenyewe, hakuna. Kama kifurushi hakikufika, niambie. Kama kilifika, niambie pia. Bibi nilipompigia simu alisema, "Yupo, anaogelea kwa hasira," kisha akakata.

Kama nimekukosea, nitukane, ila andika.

Mwanao


8 Juni

Mwanangu,

Kifurushi kilifika. Barua yako niliiweka juu ya kabati, kila nikipita naitazama kwa jicho baya. Sikuzaliwa jana. Ni nani anayejisifu hatua kwa hatua, mpaka namna ya kugeuza kichwa? Nilimwuliza Mama kama alikwambia. Akasema, "Mimi? Nimwambie nani?" huku akitazama dari.

Basi, ndiyo. Naogopa maji. Nayafanyia kazi kutwa nzima, lakini yangu yamefungiwa ndani ya mashine na mlango una kioo. Juu ya lile jiwe mtoni sikuwa nalinda nguo. Hakuna aliyekuwa na haja ya nguo zenu. Kuanzia Januari nimekwenda bwawa la kuogelea la mjini kila Jumamosi, na kila Jumamosi nimeshika bomba la ukingoni kama abiria anayesubiri kituo chake. Wanawake walioanza baada yangu wameshahamia upande wa kina kirefu. Mwalimu wetu ni mwanamke mwembamba mwenye filimbi, na jinsi anavyoongea hata filimbi haihitaji. Ananiambia, "Achia!" Nami nasema, "Naachia," na siachii.

Nilikasirika kwa sababu nilidhani unanionea huruma. Nataka uelewe kwa nini hilo lilinichoma. Kazini nasimamia chumba kizima, nikisema jambo linafanyika. Nikirudi kwenye ukoo wetu mimi ni kitinda mimba. Dada zangu wananichagulia hata rangi ya mapazia. Kwenye harusi ile, mwanamke mzima, nilitumwa mara mbili kuleta barafu. Katika familia yote mtu pekee aliyenipa heshima ya mtu mzima ni wewe, na wewe Mama alikuwa anakusukuma kisogo ndipo useme. Mara zote hizo sijawahi kuisikia shikamoo yako ambayo haikusukumwa. Nilitaka kuipata moja. Ndiyo maana nilikata lile tangazo, mimi nisiyeweza hata kuchovya uso kwenye beseni.

Sasa nikwambie yaliyotokea Jumamosi. Nilivaa miwani yako kwa hasira. Nikasema nitaujaribu upuuzi wake ili nimwandikie kwamba haufai. Nikapuliza chai. Nikageuza kichwa. Halafu nikajilaza chali, masikio yakaingia majini, na kelele zote zikakatika: watoto, filimbi, mwalimu, kila kitu. Bwawa letu lina paa, mawingu sina, nikatazama mabati. Nikangoja nizame. Sikuzama. Mwalimu akaja akasimama ukingoni juu yangu akiwa kafunga mdomo, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nikacheka, nikanywa maji, nikazama, nikasimama, nikajilaza tena. Walinitoa wakati wa kufunga.

Sharti jipya, uliandike chini ya yale mengine ukutani: siku hiyo usinihurumie. Ukipunguza mwendo hata kidogo kwa ajili yangu, sitakuandikia tena.

Na ile presha bado hujanijibu.

Mama Mdogo


19 Juni

Mama Mdogo, shikamoo,

Nimeisoma barua yako nimekaa ndani ya gari la mteja, vioo nimepandisha.

Presha ni kweli. Daktari alinitazama mwaka jana akaniambia moyo wangu unafanya kazi ya watu wawili na mshahara ni wa mmoja. Sikukwambia kwa sababu nilikujua: ungelala kituo cha basi ili ufike. Na nilipoona lile tangazo lako, nilicheka kwa nguvu vile kwa sababu daktari alikuwa ameshaniambia nitafute mchezo, nami nilikuwa naona haya kuanza peke yangu, mtu mwenye tumbo hili, watu wananitazama. Dau lilinipa sababu ya kukimbia bila kueleza. Kukimbia ndiko kunakonitesa. Natoka asubuhi, nafika kwenye mti wa kwanza, nautegemea, mti wa pili, nautegemea. Sasa miti ninayoiruka ni mingi kuliko ninayoitegemea. Daktari ameniruhusu, karatasi ninayo, usianze.

Sharti lako nimeliandika kwa kalamu nyekundu na mafundi wamelishuhudia. Sitakuhurumia. Nitakukimbia kama sikujui.

Tukutane ziwani,
mwanao


22 Julai

Shikamoo mwanangu,

Ni siku chache tu tangu tuachane pale ziwani na mapaja yangu bado hayataki ngazi. Kazini wananipa kiti. Wodi ya mifupa walikuwa wamesikia kabla sijafika. Yule mzee ameruhusiwa kwenda nyumbani, lakini ameacha maagizo wampelekee matokeo.

Wewe ulikuwa mbele, ya nyuma hukuyaona, acha nikusimulie.

Filimbi ilipolia niliwaacha wote waingie kwanza, kama nilivyofundishwa. Maji yalikuwa baridi ya kukata maneno. Nikapuliza chai, nikageuza kichwa, nikaenda. Nilikuwa naenda vizuri! Halafu mtu mmoja mbele yangu akapiga teke, kisigino kikanipata usoni, miwani ikapanda kwenye paji la uso, na nikavuta pumzi mahali ambapo hapakuwa na hewa. Basi, yote yakarudi. Chini sikuona, juu sikuona. Sasa najua wanaposema maji yamefika shingoni wanamaanisha nini, na yangu yalikuwa yamepita hapo.

Kijiboti cha waokoaji kikaja. Nikaudaka ukingo wake kwa mikono miwili, kwa sheria zao kushika si kosa ilimradi kisikuvute. Yule mwokoaji, mwanamume mwenye kofia ya njano, akaniinamia. "Mama, tukutoe?"

Nikasema, "Subiri kwanza."

"Nisubiri nini?"

"Natazama mawingu."

Akatazama juu, naye masikini, ajue kuna nini. Nikauachia ule ukingo. Nikalala chali pale pale ubavuni mwa kijiboti chake, masikio majini, na mawingu yalikuwepo kweli, si mabati. Sijui nilikaa muda gani. Nilipogeuka na kuanza tena, nilimsikia akimwambia mwenzake, "Huyu hatoki."

Nilitoka majini wa mwisho. Ufukoni mwa ziwa hapakuwa na mtu ila Mama, ameshika kiatu changu kimoja, kingine amekikalia. Macho yake mekundu. Akaniambia, "Nilikuwa nimeshaanza kulia. Sasa machozi haya niyapeleke wapi?" Nikambusu na maji yangu yote, nikapanda baiskeli.

Huko kwenye baiskeli sina la kukueleza ila kwamba niliwapita watu. Kile kilima kilichowashusha wengine, mimi nilikiona kama njia ya kazini. Nilimpita mwenye kisigino. Nilimjua kwa kaptula ile ile.

Kwenye kukimbia ndipo nilipouona mgongo wako. Mwanzoni niliona fulana ya gereji tu. Halafu nikaona kwamba chini ya jina pana namba ya simu. Halafu nikaisoma namba yenyewe! Nikasema, leo, leo ndiyo leo. Ndipo yule mwenzangu wa kukunja shuka, aliyesafiri njia nzima kuja kunishangilia mimi, akapiga ukelele, "Mama yako huyo nyuma!" Ukageuka. Macho yakakutoka. Na jinsi ulivyochomoka baada ya hapo, ungedhani umefukuzwa na nyuki. Nikakufuata, na mstarini ulinitangulia urefu wa mkono tu, nami nilikuwa nimeunyoosha.

Hukunihurumia hata punje. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kama hiyo.

Na shikamoo yangu nimekupa mbele ya watu wote, nimefunga mikono, kwa sauti. Miaka yote hii umeingoja. Nayo ilipokuja, ukajibu nini? "Salama." Salama! Kama mtu aliyebishiwa hodi. Mama amekicheka kitu hicho njia nzima ya kurudi.

Nakuamkia tena, mwanangu,
Mama yako Mdogo


6 Agosti

Mama Mdogo,

Shikamoo.

Hakuna aliyenisukuma kisogo. Bibi yuko kwako, mke wangu yuko kazini, mafundi wamekwenda kula. Nimeiandika nikiwa peke yangu na nimeisema kwa sauti wakati naandika. Ipokee.

Nawe ulikuwa nyuma, ya mbele hukuyaona. Nilitoka majini mapema, nikafika kwenye baiskeli, nikageuka kutazama ziwa. Nilitafuta kofia yako. Kofia zilikuwa nyingi, zote nyekundu, zikawa zinatoka moja moja, na chini ya kila moja alikuwa mtu mwingine. Halafu nikaona kijiboti kimesimama mbali na mtu amekishika. Nikajua ni wewe. Niliweka baiskeli chini. Nakwambia ukweli, nilikuwa nimeshageuka kurudi majini. Bibi akanizuia kwa mkono, akasema, "Alikuandikia nini?" Nikasema, "Bibi, tazama kule!" Akasema, "Naona. Alikuandikia nini?" Huku mwenyewe amekumbatia kiatu chako.

Nikapanda baiskeli. Safari ile yote niliiendesha nikilia, na watu njiani wakadhani ni maji ya ziwa bado yanadondoka. Nilikuwa nakanyaga nikijiambia, umemwacha mama yako majini kwa sababu ya shikamoo, wewe ni mtu gani? Nilipoanza kukimbia miguu ilikuwa mizito kama imemwagiwa zege. Nilikuwa nimekutangulia na sikuwa na furaha yoyote.

Ndipo nikasikia ule ukelele. Wewe ulidhani niliogopa kushindwa. Sikuwa na habari na kushindwa. Niligeuka nikakuona mzima, umelowa, umekunja uso, unakuja kunila. Furaha iliyonipanda pale sijui niiseme vipi. Ndiyo iliyonikimbiza. Kama ungekuwa umebaki nyuma bila kuonekana, ningemaliza nikitembea.

Halafu ukaniamkia. Nikafungua mdomo kusema marahaba, ikatoka "salama". Nilijiona kama nimevaa koti la mtu mwingine, mikono yake imenipita vidole. Shikamoo ile si yangu. Nakuomba, kwa heshima zote, tulivunje dau. Tangu siku ile umenitumia kadi tatu za posta zilizoandikwa neno hilo moja tu, na mafundi wanazisoma kabla yangu. Mpiga rangi ameanza kunijibia: kila nikiingia anasema "marahaba" kabla sijasema lolote. Imetosha.

Jumatatu nilipimwa. Presha imeshuka, daktari amepunguza dawa. Ameniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nafukuzwa na mama yangu mdogo. Akaandika.

Mwanao, na sasa nalisema bila masharti


15 Septemba

Mwanangu,

Marahaba.

Nimekaa kidogo baada ya kuliandika neno hilo, ndiyo maana wino umebadilika.

Dau silivunji. Tulikubaliana mwaka mzima, na mimi nimeanza kunogewa. Kwa hiyo: shikamoo, na kadi nyingine inakuja. Nimechagua yenye picha ya ng'ombe.

Nimefurahi sana kuhusu presha, na nimemwambia kila mtu, hata watu wasiokujua. Mbusu binti yako kwenye jino jipya. Mwenzangu wa kukunja shuka amekwenda kupimwa kama Mama alivyomwagiza. Mapafu ni mazima, wamethibitisha kwamba ni kicheko.

Habari kubwa ya huku ni bwawa. Nilipanga kupumzika baada ya mashindano, lakini Jumamosi ya kwanza ilipofika nikajikuta nimesimama mlangoni na taulo. Sasa tunakwenda wengi kutoka chumba cha kufulia. Tunaingia na harufu yetu ya sabuni, mwalimu anasema tunamharibia maji. Walionitangulia kwenda upande wa kina kirefu ndio hao sasa wananiomba niwaonyeshe namna ya kulala chali.

Mama alikuwa anakuja kutusindikiza tu. Anakaa kwenye benchi, mkoba magotini, anatuhesabu tukiingia na anatuhesabu tukitoka, haamini kazi ya mwalimu. Juzi nilikuwa nimelala chali natazama mabati nikahisi mwenzangu ananigusa bega. Nikainua kichwa. Mama alikuwa amevua viatu, ameviweka sawasawa chini ya benchi, na mkoba juu yake.

"Mnaingilia wapi?" akauliza.

Mwalimu akaja mbio na maneno yake yote. Mama akamnyamazisha kwa kumpa mkoba ashike. Akateremka zile ngazi na gauni lake, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine umenikamata mimi shingoni. Maji yalipofika magotini akasimama akapiga yowe. "Baridi hivi! Na mnalipia?" Yalipofika kiunoni gauni likavimba pande zote, naye akaanza kuligonga lishuke huku analikemea. Wanawake wote wa kufulia walikuwa wamemzunguka, mikono tayari kumdaka. Akachovya kidevu. Akatoka. Akachovya tena, akapuliza, viputo vikapanda mbele ya uso wake, na akavitazama kama mtu aliyeona kitu chake kilichopotea. Sijawahi kumsikia Mama akicheka vile. Ni kicheko cha msichana ambaye mimi na wewe hatukumjua.

Nilimfunga mataulo mawili, tukarudi nyumbani polepole, nywele zake zimesimama. Karibu na mlango akaniuliza, "Jumamosi ni lini?"

Nikamwambia, "Mama, leo ndiyo Jumamosi."

"Najua," akasema. "Nauliza ile nyingine."

Tunakusalimu sote, tukiwa tumelowa,
Mama Mdogo